Mkopo usio wako kwenye CRB: ya kuandaa kabla hujaenda kulalamika

Umeomba mkopo kwenye sacco. Ofisa anatazama kompyuta, anakuuliza mbona hujalipa deni la kampuni ambayo hata jina lake hujawahi kulisikia. Kwanza uliza nyumbani, maana mikopo mingine ya simu huchukuliwa na kijana anayejua PIN yako. Ukishahakikisha hakuna aliyekopa, usikimbilie kulipa. Najua deni la elfu tatu linashawishi, ulipe uendelee na mambo yako. Lakini ukilipa, rekodi itasema ulikopa, ukachelewa, kisha ukalipa, na taarifa mbaya hukaa kwenye CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo, kwa miaka 5. Juu ya hayo, umejiharibia hoja: nani atakuamini kwamba deni ulilolilipa halikuwa lako?

Kwa sababu hiyohiyo, usiombe cheti cha CRB ukidhani ndicho kitakachokusafisha. Cheti huonyesha tu kwamba huna deni lililokwama; hakifuti kilichoandikwa. Wewe unachotaka ni rekodi ifutwe, na hilo ni ombi jingine kabisa.

Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya kutunza rekodi hizi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Chukua ripoti kwa zote tatu, maana deni linaweza kufutwa kwa moja likabaki kwa nyingine. Kila mteja ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ukiipata, usiishie kwenye alama unayopewa kama mkopaji. Tafuta jina la mkopeshaji, namba ya akaunti, tarehe mkopo ulipofunguliwa, na namba za simu na anwani zilizoandikwa chini ya jina lako. Hapo kwenye namba za simu ndipo wezi hujianika. Ukiona laini usiyoijua, izungushie kalamu. Kisha omba taarifa ya M-PESA ya mwezi ule mkopo ulipotolewa. Kama pesa hazikuingia kwenye laini yako, una karatasi inayosema hivyo.

Jambo la kufanya siku hiyohiyo, hata kabla ya kuandika barua yoyote, ni kupiga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika ifungwe. Ukiiacha wazi, utakuwa unafuta deni moja huku mwizi akikopa jingine. Na tusijidanganye kwamba wizi huu unahitaji mtaalamu wa kompyuta: namba zetu za vitambulisho zimejaa kwenye madaftari ya walinzi wa mageti mjini, na picha za vitambulisho tunazituma WhatsApp kwa kila ajenti wa nyumba.

Nenda polisi uandikishe, upewe namba ya OB (daftari la matukio la kituo) na abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha uliripoti. Usiridhike na maneno "kitambulisho kilipotea" kama hakikupotea. Maelezo yaseme kuna mtu aliyekopa kwa jina lako, yataje mkopeshaji na tarehe ya mkopo. Hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili si lazima kila mahali, ila kampuni zenye vichwa vigumu hulegeza kamba zikiiona.

Sasa barua. CRB inatunza tu kile ilicholetewa, kwa hiyo anayepaswa kusahihisha ni mkopeshaji aliyepeleka jina lako. Mwandikie yeye, nakala ipelekwe CRB kama malalamiko rasmi, ili ripoti iwekwe alama kwamba taarifa hiyo inabishaniwa. Usiandike hadithi ndefu ya masaibu yako. Dai vitu: fomu ya maombi, laini iliyopokea pesa, picha iliyotumika kuthibitisha sura ya mkopaji, na ushahidi kwamba ulipewa ilani ya siku 30 kabla ya kuorodheshwa, kama kanuni zinavyotaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai za uongo zisahihishwe au zifutwe. Wakikaa kimya, kuna Ofisi ya Kamishna wa Data, na kuna Benki Kuu, ambayo tangu 2022 ndiyo inayotoa leseni kwa wakopeshaji wa simu. Tumia barua pepe, kwa sababu mazungumzo ya simu na huduma kwa wateja hayana ushahidi. Na ukilazimika kupiga, andika jina la aliyekuhudumia na namba ya malalamiko.

Wale wa Facebook wanaoahidi kukutoa CRB kwa malipo hawana mlango wa siri. Mara nyingi watakuomba kitambulisho na PIN, mwanzo wa mkopo mwingine.

Mkopeshaji akikubali kosa, mwombe barua inayosema akaunti hiyo ilifunguliwa kwa ulaghai na hudaiwi chochote. "Deni limefungwa" haitoshi, kwa kuwa hata lililolipwa hufungwa. Kisha chukua ripoti mpya kwa kampuni zote tatu, na barua hiyo uihifadhi, kwa sababu deni likishauzwa kwa wakusanya madeni, hao hawasomi CRB kabla ya kukupigia.