Kumtafuta babu Mslovakia kwenye vitabu vya chama cha kufa na kuzikana

Ukimtafuta Mslovakia aliyehamia Marekani kabla ya 1918, karatasi za serikali zitakuchosha. Mahali pa kuzaliwa wameandika "Hungary" au "Austria", basi, kijiji hakitajwi. Karani hakudanganya: Slovakia ya leo ilikuwa sehemu ya Hungaria mpaka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijiji kitafute kwenye vitabu vya chama. Wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wa Pennsylvania na Ohio walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, na chama kinachodaiwa dola mia kadhaa na mjane lazima kijue marehemu ni nani, kazaliwa wapi na mrithi ni yupi.

Kwanza jua ni chama gani. Národný slovenský spolok (Chama cha Kitaifa cha Waslovakia) kilianzishwa Pittsburgh mwaka 1890, Peter Rovnianek akikiongoza. Mwaka huohuo, padri Štefan Furdek alianzisha Prvá katolícka slovenská jednota (Umoja wa Kwanza wa Waslovakia Wakatoliki) huko Cleveland. Wenyewe huita Jednota tu. Wanawake Wakatoliki walipata chama chao 1892, Walutheri 1893. Kisha wako wana-Sokol. Sokol ni ndege kozi, na harakati hiyo ya mazoezi ya viungo ilianzia Prague mwaka 1862. Waslovakia wa Marekani waliunda umoja wao wa Sokol mwaka 1896, halafu Wakatoliki wakajitenga na kuanzisha wa kwao Passaic, New Jersey, mwaka 1905. Kwa hiyo ukiambiwa "babu alikuwa Sokol", bado hujajua kitu. Uliza kazikwa makaburi ya kanisa gani. Wala usidhani Sokol ilikuwa ya michezo tu: yuleyule aliyening'inia kwenye pete za mazoezi jioni alikuwa analipa mchango wa mazishi.

Kabla ya kuandikia mtu yeyote, fungua masanduku ya nyumbani utafute utepe wa kifuani. Ni kipande cha kitambaa chenye pindo za nyuzi chini na pini juu. Upande mmoja una rangi za kung'aa, wa kuvaa kwenye maandamano. Ugeuze, nyuma ni mweusi wenye maandishi ya rangi ya fedha, wa kuvaa mazishini. Soma yote. "Spolok sv." ni chama cha mtakatifu fulani, "čís." ni namba ya tawi, "zal." ni mwaka wa kuanzishwa, na chini kuna jina la mji. Namba ya tawi ndiyo dhahabu, maana jina la mtakatifu mmoja lilitumiwa na matawi mengi.

Sasa andika ombi. Baadhi ya vyama bado vipo kama bima za wanachama. Nyaraka nyingi za zamani zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Minneapolis, kwenye hifadhi ya historia ya wahamiaji. Taja jina la Kislovakia na la Kimarekani (Juraj aligeuka George, Ondrej akawa Andrew), mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, mji, namba ya tawi. Omba vitu viwili kwa majina yake: fomu ya kujiunga na faili la malipo ya kifo. Ukiandika "naomba taarifa za babu yangu", utajibiwa kwa mistari miwili.

Fomu ikifika, tafuta maneno haya: narodený (amezaliwa), rodisko (mahali pa kuzaliwa), stolica (wilaya ya zamani), zomrel (amefariki), dedič (mrithi). Usiiruke stolica. Vijiji vinavyoitwa Lúčka viko vinne Slovakia, na bila wilaya utapekua parokia isiyo yako. Tahajia nayo ina vituko: wilaya ya Šariš huandikwa Sáros kwa Kihungaria, na karani wa Marekani aliandika alivyosikia, Sharosh. Miji nayo ina majina ya Kihungaria: Prešov ni Eperjes, Košice ni Kassa, Bardejov ni Bártfa. Tamka kwa sauti kabla ya kusema kijiji hakipo.

Ukitafuta kwenye magazeti ya vyama yaliyowekwa mtandaoni, andika shina la jina bila alama. Kislovakia hubadilisha mwisho wa majina: Novák huwa Nováka, Novákovi, na mkewe ni Nováková. Andika "Novak" pekee, kisha jaribu tena kwa herufi moja pungufu, kwani mashine ya kusoma maandishi huchanganya á na vitu vya ajabu.

Jina likikatika ghafla kitabuni, usikimbilie kusema amekufa. Huenda aliacha kulipa mchango mgodi ulipofungwa, au kahamia mji mwingine na tawi jingine. Kwenye vyama vya Kikatoliki, asiyeungama wakati wa Pasaka aliweza kufutwa. Angalia tawi la mji wa jirani, kisha chama cha pili, maana wengi walijiunga na viwili ili mjane alipwe mara mbili.

Ukishapata kijiji na wilaya, ingia FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, ambako vitabu vya parokia za Slovakia husomwa bure kwa kujisajili. Tegemea Kilatini na Kihungaria. Usajili wa kiserikali wa vizazi ulianza Oktoba 1895, hivyo kwa aliyezaliwa kabla ya hapo, kitabu cha ubatizo ndicho chako.