Jinsi ya kuchora watu wa mwaloni waonekane wako kazini kweli

Kabla hujashika brashi, chukua simu umtafute mchoraji wa Ufilipino anaitwa Elmer Borlongan, kazaliwa Manila 1967, uangalie picha zake hata kumi. Anachora watu wa kawaida tu, watu wa mtaani, mtu kakaa na mawazo yake, ila wengi wana vichwa vipara, macho makubwa na mikono mirefu kupita kawaida. Mi mara ya kwanza nilicheka, nikasema huyu jamaa mwili wa binadamu umempiga chenga. Baadae nikaja kugundua aliyepigwa chenga ni mimi, maana picha zangu zilikuwa na vipimo sawasawa kabisa na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anafanya chochote, wamesimama tu kama wanasubiri pasipoti. Mwaka 2002 jamaa akahama jiji akaenda kuishi Zambales, mkoa wa pwani, na watu wa huko nao wakaingia kwenye picha. Sasa sisi hapa Mwanza tuna Ziwa Victoria zima na bado tunachora twiga, haya.

Nenda mwaloni Kirumba, pale soko la samaki na dagaa kando ya ziwa, mapema, saa moja asubuhi hivi au subiri jioni jua likishalegea, maana saa sita jua linapiga kutoka juu, macho yote yanakuwa mashimo meusi na vivuli vinapotea chini ya miguu. Beba daftari na penseli, rangi acha nyumbani. Halafu usianze kuchora kimyakimya kama mpelelezi, watu watakufukuza na watakuwa na haki. Mi nilimfuata mama mmoja anayeanika dagaa, shikamoo mama, mimi mchoraji, naomba nikuchore huku unaendelea na kazi yako. Marahaba, akaniangalia kwanza daftari ndo akaniangalia mimi, akauliza utanilipa? Nikanunua sado moja ya dagaa tukaelewana.

Sasa hapa ndo penye kazi. Usichore uso. Kaa uangalie ile kazi inavyojirudia, maana kazi yoyote ya mikono ina mzunguko, yule mama alikuwa anainama, anavuta dagaa kwa fagio, anageuza, anasogea hatua moja, anainama tena, ukikosa mkao mara ya kwanza usiwe na wasiwasi unarudi baada ya nusu dakika. Chora mistari tu, mgongo umeenda wapi, uzito uko mguu gani, kiwiko kiko juu au chini ya goti. Michoro kumi na tano midogo kwenye kurasa mbili inakutosha. Picha ya simu piga moja au mbili za kukumbukia rangi ya kanga na vitu vya nyuma, ila usiitegemee kwa mwili, ukipiga ukiwa karibu simu inakuza kile kilicho mbele na kukuonyesha kitu ambacho jicho halikukiona.

Ukirudi nyumbani jiulize swali moja, hii kazi inakula sehemu gani ya mwili? Hiyo sehemu ndo unaikuza. Mama wa dagaa kazi yake yote iko mgongoni, kwa hiyo mgongo nikaupa karibu nusu ya picha, miguu nikaifupisha, mikono nikairefusha mpaka karibu inagusa mchanga. Konda wa hiace ya Buhongwa yeye ni mkono mmoja na shingo, vingine vyote viko ndani ya gari. Bodaboda anayesubiri abiria kalala juu ya tenki, huyo ni mgongo na kisogo tu. Ukikuza kila kitu unapata katuni, kuza kimoja, viwili mwisho. Na usiwanyoe watu wako wote vipara eti kwa sababu Borlongan kafanya, ile ni ya kwake, mama wa mwaloni ana kilemba na kile kilemba jinsi alivyokifunga kina habari yake.

Turubai tengeneza mwenyewe. Kitambaa cha marekani, fremu kwa fundi seremala, mi napenda sentimita 60 kwa 80. Unapiga stepla kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona, ukianzia kwenye kona kitambaa kinakunjamana na hakinyooki tena. Juu yake paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao kidogo, mikono mitatu, kila mkono ukikauka unapitisha msasa laini. Tumia akriliki inakauka haraka. Kama una rangi za mafuta unaweza kuzipaka juu ya akriliki, ila kinyume chake hapana, itabanduka.

Usianzie kwenye weupe. Paka kahawia nyepesi turubai nzima kwanza, ikauke, ndo uhamishe mchoro kwa mkaa.

Ngozi sasa, maana hapa wengi tunaharibu. Nyeusi ya kwenye tyubu iache kwenye tyubu. Chukua kahawia iliyoiva na bluu ya altramarini, changanya, unapata giza ambalo bado lina uhai, ukizidisha kahawia linapata joto ukizidisha bluu linapoa. Halafu mwangalie mtu wa ziwani asubuhi vizuri, begani na kwenye paji la uso pale anapong'aa siyo pweupe, pana ubluu wa mbingu, na chini ya kidevu panapotakiwa kuwa giza pana joto kidogo linatoka kwenye mchanga. Ukipata hivyo viwili tu mtu anakaa nje, kwenye hewa, hata kama ziwa lenyewe umeliweka mstari mmoja kwa juu. Na kiukweli ziwa liweke dogo, ukiliachia linageuka kalenda.

Ukimaliza usipeleke kwanza kwa wachoraji wenzako, watakusifia brashi. Mi nilirudi mwaloni na picha mgongoni, yule mama akaita na wenzake, wakacheka mgongo wangu mkubwa mpaka mmoja akashika kiuno chake akasema ndo wenyewe huu, jioni unakuwa hivyo hivyo. Nikajua nimeshinda. Halafu mwenye picha akainama karibu, akagusa pale chini, akaniuliza mbona nazoa dagaa mbichi? Nikaangalia, kweli nimewapaka fedha inayowaka, wamenyooka kama wametoka mtumbwini sasa hivi, wakati kwenye picha anawakusanya kwenye gunia. Akachota waliokauka akaniwekea kiganjani: wamepauka, wana ukahawia kidogo, na kila mmoja kajikunja upande wake. Nikarudi nao nyumbani kwenye mfuko wa shati, pale chini nikapaka upya.