Somo: Namna ya kuisoma picha ya mwanamke aliyejilaza uchi

Tutatumia Olympia ya Édouard Manet, iliyochorwa 1863 na kuonyeshwa Paris 1865 katika Salon, maonyesho makuu rasmi ya sanaa ya Ufaransa. Ifungue, kisha weka kando yake Kuzaliwa kwa Venus (mungu wa kike wa mapenzi katika hadithi za kale) ya Alexandre Cabanel, nayo ya 1863. Msiiruke hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Anza na macho, mwili baadaye. Venus wa Cabanel kajilaza juu ya mawimbi, mkono umeukinga uso, macho nusu yamefumba. Unamtazama yeye hakutazami. Olympia amekukazia macho, tena bila haya. Watu walikuja juu hapo hapo.

Hatua ya 2: Mkono wa kushoto. Manet aliazima mkao huu kwa Venus wa Urbino, aliyechorwa na Titian mwaka 1538. Ila vidole vya yule vimelegea. Vya Olympia vimebana pajani kama komeo.

Hatua ya 3: Vitu vidogo. Utepe mweusi shingoni, ua nyweleni, kiatu kimoja kimemtoka mguuni. Titian aliweka mbwa aliyelala. Manet kaweka paka mweusi, mkia juu. Watazamaji wa Paris walielewa upesi: huyu ni kahaba wa mjini, na shada la maua aliloletewa limetoka kwa mteja.

Hatua ya 4: Mtumishi mweusi aliyeyashika maua. Aliyekaa kuchorwa hapo anaitwa Laure, na Manet aliliandika jina lake daftarini. Wahakiki wengi walimpita tu, na kwangu hilo ni aibu kuliko uchi wenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mbona ya Cabanel haikuleta zogo?
Jibu: Kwa sababu ni Venus. Mungu wa hadithi za kale aliruhusiwa kuwa uchi. Mfalme Napoleon III aliinunua mwenyewe.

Swali: Kwa hiyo aliyechorwa alikuwa kahaba kweli?
Jibu: Usichanganye mhusika na aliyekaa kuchorwa. Huyo ni Victorine Meurent, naye akawa mchoraji. Mwaka 1876 Salon ilipokea kazi yake na kumkataa Manet!

Swali: Olympia iko wapi sasa?
Jibu: Jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Manet alifariki 1883. Mchoraji mwenzake, Claude Monet, akachangisha fedha za kuinunua, ikakabidhiwa serikali 1890.

Swali: Mimi paka simwoni.
Jibu: Yuko kulia kabisa, miguuni, weusi juu ya weusi. Ongeza mwanga wa simu.