Lori la dizeli likigoma asubuhi, piga kwanza pampu ya mkono
Lori la zamani likilala usiku kucha, halafu asubuhi stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, usikimbilie kufungua pampu kubwa (ile inayosukuma dizeli kwenye injini). Piga pampu ya mkono ya dizeli (ile ndogo ya kuvuta dizeli kutoka tanki kwa mkono) mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Ikishika palepale, basi ni upepo ulioingia kwenye dizeli: kuna mpira au wosha (pete ya kuziba maungio) upande wa kutoka tanki inayopitisha hewa. Upande huo hunyonya, kwa hiyo huenda usione hata tone la dizeli chini (wengi hutafuta tone tu). Kaza klipu, badilisha wosha za shaba. Kipimo hiki hakisaidii lori linalogoma likiwa la moto; hapo shuku pampu kubwa yenyewe. Na pampu ya mkono isipokaza kabisa, angalia kwanza kama tanki lina dizeli.