Somo: Kifafa kimemwachia, fahamu bado ziko njiani

Kifafa kikimshika mtu, wote hukusanyika. Mwili ukitulia, mtu husema "ameshazinduka," na watu hutawanyika. Mimi naanguka tangu nikiwa na miaka 14, na nawaomba msitawanyike. Kifafa cha mwili mzima kwa kawaida hudumu dakika 1 hadi 3. Kurudi kwenye fahamu huchukua mara nyingi dakika 5 hadi 30, wakati mwingine saa kadhaa, na wapo ambao kichwa hakitulii hadi kesho yake. Somo hili ni la yule anayebaki pembeni muda huo.

Hatua ya 1: Tazama saa mara mbili. Mara ya kwanza mwili unapoanza kukakamaa, mara ya pili unapoacha kutikisika. Zikipita dakika 5 haujaacha, au ukiacha kisha ukaanza tena kabla hajazinduka, ita gari la wagonjwa, usisubiri.

Hatua ya 2: Mlaze ubavu. Fanya hivyo mara tu mwili unapolegea: kichwa kirudi nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili mate na damu vitoke. Mlegezee kola, mvue miwani. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, ulimi haumezwi. Atakoroma kwa nguvu, na hilo lisikutishe maadamu anapumua na midomo inarudi rangi yake. Akijigeuza kifudifudi, mrudishe ubavu. Vifo vya ghafla vya wenye kifafa hutokea zaidi usingizini, mtu akiwa peke yake, na wengi hukutwa wamelala kifudifudi.

Hatua ya 3: Macho yasikudanganye. Hapa ndipo wengi hukosea. Macho hufunguka mapema, akili hufuata polepole. Nikieleza kwa upande wangu: kwanza naona mwanga. Halafu nasikia sauti zisizo na maneno, kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta. Kisha naona sura ya mke wangu, najua ni mtu wangu, ila jina lake silipati. Jina langu hurudi kabla ya lake, mahali nilipo hurudi baadaye, na siku ya wiki huja mwisho kabisa. Siku moja nilikaa kitandani nimeshika kiatu, nakigeuzageuza, najua ni changu lakini sijui kinafanya kazi gani. Mtu wa hali hiyo anaweza kusimama, kufungua mlango, hata kuitikia "ndiyo" kwa kila unachomuuliza. Hajarudi bado.

Hatua ya 4: Maneno machache, yaleyale. Azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Mke wangu husema: "Ulianguka. Imekwisha. Uko nyumbani. Niko hapa." Nikimuuliza mara kumi kimetokea nini, hunijibu mara kumi vilevile, kwa sababu kumbukumbu yangu bado haishiki kitu. Namshukuru kwa uvumilivu huo kuliko kwa dawa yoyote aliyowahi kunipa.

Hatua ya 5: Usimkamate. Kazini wenzangu watatu waliwahi kunishika mikono nikitaka kutembea, na nikampiga mmoja taya. Nilisimuliwa baadaye, nikaumia sana. Mtu aliyechanganyikiwa akibanwa hupigana. Hana hasira na wewe. Simama kati yake na ngazi, barabara au moto, mguse bega kidogo kumwelekeza.

Hatua ya 6: Muulize. Jina lako nani? Tuko wapi? Huyu ni nani? Leo siku gani? Rudia kila baada ya dakika 5, na uepuke maswali ya ndiyo au hapana. Maji, chakula na vidonge visubiri mpaka ajibu sawasawa, akae wima na ameze mate yake vizuri.

Hatua ya 7: Akitaka kulala, alale ubavu, nawe umchungulie. Akiamka mtazame ulimi kama ameung'ata, na umuulize kama mabega na mgongo vinamuuma. Andika ulichokiona, daktari atakihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, mwanangu akizinduka mkono wa kulia hauinuki kabisa. Nilidhani ni kiharusi.

Jibu: Pole sana, mama. Udhaifu huo daktari Robert Bentley Todd aliueleza mwaka 1849, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Upande wa ubongo uliochoshwa na kifafa unakuwa haujaamka, kwa hiyo mkono wa kulia unaonyesha ubongo wa kushoto. Kwa kawaida huisha ndani ya saa 36. Lakini ukitokea mara ya kwanza, nenda hospitali mara moja, kwani kiharusi nacho huweza kuanza kwa kifafa.

Swali: Mume wangu haanguki. Hukodoa macho na kutafunatafuna, kisha kwa muda hawezi kutamka sentensi.

Jibu: Hicho ni kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Kikigusa upande wa lugha, maneno huchelewa kurudi. Huenda anakuelewa kabla hajaweza kujibu, basi mwombe akubane mkono. Ni tofauti na kile cha watoto cha kuduwaa sekunde chache, ambapo mtoto huendelea na alichokuwa akifanya papo hapo.

Swali: Ndugu yangu alianguka mara nne kwa siku mbili, akawa mzima kabisa. Siku ya tatu akaanza kusikia sauti na kusema tunataka kumuua.

Jibu: Mpeleke hospitali leo hii, na asiachwe peke yake. Baada ya vifafa vilivyofuatana, akili huweza kuvurugika hivyo baada ya saa au siku kadhaa za utulivu. Inatibika. Mtajie daktari hesabu ya vifafa, maana bila hiyo atatafuta chanzo kwingine.

Swali: Asipozinduka, nisubiri hadi lini?

Jibu: Kipimo chako ni kawaida yake. Akizidi muda wake wa siku zote, au ukaona nusu saa imepita bila dalili yoyote ya kurudi, omba msaada. Ubongo unaweza kuwa bado kwenye kifafa ilhali mwili umetulia, na hilo huonekana kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Usisubiri kabisa ikiwa ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito, ana kisukari, ameumia kichwa au ameangukia majini.

Swali: Wewe mwenyewe unakumbuka chochote?

Jibu: Kuanguka sikumbuki hata mara moja. Nakumbuka mkono begani, na saa ya ukutani niliyoitazama muda mrefu nisiweze kuisoma.