Ruta ya nyumbani: jinsi ya kuiziba isipokee amri za wageni

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba sita hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Asubuhi moja alinipigia kabla sijanywa chai. Shikamoo yangu hata haikufika mwisho. "Marahaba, baba. Hebu niambie, nani anakula bando langu usiku? Jana nimeweka, leo limekwisha, na nina mgeni mmoja tu, naye ana kitochi."

Nikaenda. Tukazima kila kitu: televisheni, simu yake, laptopu ya mapokezi. Taa ya intaneti kwenye ruta ikaendelea kupepesa kama ina haraka ya safari. Ruta yenyewe aliinunua mtumba, na programu yake ya ndani, ile tunayoiita fimwea, ilikuwa haijaguswa tangu itoke kiwandani. Nywila ya Wi-Fi ilikuwa ngumu kwelikweli, herufi kumi na nane, kaitunga mwenyewe. Haikumsaidia kitu. Hapo ndipo wateja wangu wengi hunibishia, kwa hiyo nieleze kwanza, hatua zitafuata.

Ruta ni kompyuta ndogo, na nyingi zinaendeshwa na Linux, mfumo endeshi kama Windows ilivyo kwa laptopu. Ukurasa wa mipangilio unaoufungua kwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1 ni sura tu. Ukibonyeza kitufe pale, nyuma yake inaandikwa amri na kukabidhiwa mfumo wa ruta. Chukua ukurasa wa uchunguzi, ule unaojaza anwani ili ruta ijaribu kama inafikika. Ukiweka 8.8.8.8, nyuma ya pazia inaundwa amri hii:

ping -c 4 8.8.8.8

Sasa, kwenye Linux nuktamkato maana yake ni "ukimaliza hilo, fanya na hili". Mtu akijaza hivi:

8.8.8.8; reboot

na aliyetengeneza ukurasa hakuchuja alichoandikiwa, ruta itapima ile anwani, kisha itajizima na kuwaka upya. Ni sawa na kumpa mtoto kikaratasi cha dukani chenye neno "Nunua" na pengo mbele yake, halafu ukamwachia jirani ajaze. Jirani anaandika: "sukari kilo moja, ukitoka hapo niletee funguo za kwenu." Mtoto ni mtiifu, analeta. Na kwenye ruta nyingi za nyumbani mtoto huyu ana mamlaka yote ya nyumba, maana ukurasa huo unaendeshwa kwa akaunti ya root, isiyokatazwa chochote. Kosa hili ndilo kupenyeza amri.

Kibaya zaidi, pengo la kujaza mara nyingi liko mahali ambapo nywila haiulizwi kabisa. Mfano ninaoupenda ni TP-Link Archer AX21. Tundu lake lilikuwa kwenye sehemu ya kuchagua nchi. Nchi tu! Jina la nchi lilipokelewa bila kuchujwa, likatiwa ndani ya amri, bila aliyeleta kuulizwa yeye ni nani. Kosa likapewa namba CVE-2023-1389. Fimwea ya kuziba ilitoka Machi 2023, na Aprili watu wa Mirai, kirusi kinachoteka ruta na kuzitumikisha kushambulia wengine kwa intaneti yako, walikuwa tayari wanaziteka ruta ambazo wenyewe hawajasasisha. Huawei HG532 nayo, mwaka 2017, ilipenyezewa amri kupitia mlango 37215 (mlango ni njia yenye namba ambayo kifaa hupokelea ujumbe wa mtandao), kwenye sehemu inayopokea anwani ya kupakua sasisho. Dawa ndiyo iliyogeuzwa njia ya sumu.

Na Novemba 2016 huko Ujerumani, ruta zipatazo 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom ziliyumba. Washambuliaji walikuwa wanatupa amri kwenye mlango 7547, ndani ya nafasi ya kujaza jina la seva ya saa. Ruta zile hazikutekwa, zilianguka tu kwa kusumbuliwa, lakini waliokosa simu na intaneti nyumbani hawakuona tofauti.

Haya, kazi.

Geuza ruta usome lebo ya chini. Unatafuta vitu viwili: modeli, na toleo la kifaa linaloandikwa V au Ver na namba. Piga picha. Ver 1 na Ver 3 za modeli moja zinaweza kuwa mashine mbili tofauti kabisa ndani, na ukiipa moja fimwea ya mwenzake unaweza kubaki na tofali lenye taa. Nimewahi kufanya hivyo, na ruta haikuwa yangu.

Kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji. Andika anwani mwenyewe, usibonyeze tangazo lililokutangulia. Tafuta modeli yako na toleo lake, uangalie tarehe ya fimwea ya mwisho. Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Kama mtengenezaji ametangaza kwamba modeli hiyo haihudumiwi tena, usiendelee na hatua nyingine hata moja. Tundu likigunduliwa kesho hakuna wa kuliziba. Iangalie kwenye orodha ya OpenWrt, fimwea huru ya bure inayowekwa badala ya ile ya kiwandani. Ikiwemo na una moyo wa kujifunza, unaweza kuifufua. Isipokuwemo, nunua nyingine. Ya shangazi haikuwemo.

Kama sasisho lipo, lipakue kwenye kompyuta kwanza. Halafu chomoa waya unaotoka kwa mtoa huduma, au toa laini kama ruta yako ni ya laini. Zima ruta, hesabu nusu dakika, washa. Vijidudu vya ukoo wa Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, vinakufa umeme ukikatika. Ndiyo maana mtu anazima na kuwasha, intaneti inarudi mbio, anadhani amepona. Tundu likibaki wazi vinarudi, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usirudishe waya bado.

Unganisha kompyuta kwa waya, usitumie Wi-Fi, upandishe fimwea mpya. Kabla ya kubonyeza, angalia uniti za Luku. Sitanii. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ndiyo yale matofali niliyoyasema.

Ikimaliza, bonyeza kitundu cha kuriseti kwa pini mpaka taa zote ziwake au zizimike pamoja, kwa kawaida sekunde kumi hivi. Panga upya kila kitu kwa mkono. Usirudishe nakala ya mipangilio ya zamani, utarudisha na uchafu wake.

Nywila ya ukurasa wa mipangilio iwe tofauti na ya Wi-Fi. Palipoandikwa Remote Management, yaani kuipanga ruta kutoka nje, zima. UPnP, inayoacha vifaa vya ndani vifungue milango vyenyewe, zima. WPS, ya kuunganisha Wi-Fi kwa kitufe au PIN, zima. TR-069 au CWMP ndiyo njia ya mtoa huduma kuigusa ruta kwa mbali: kama ruta uliinunua mwenyewe, zima, kama ni mali yao, iache, wapigie uwaulize fimwea ni ya lini. Angalia na DNS, anwani za seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukikuta namba ambazo hukuziweka wewe wala mtoa huduma, ujue kuna mkono ulipita.

Wenye gesti, saluni na migahawa: fungueni mtandao wa wageni, Guest Network, wenye jina lake. Mgeni akiwa kwenye Wi-Fi ileile ya mwenye nyumba, amekaa sebuleni na ruta. Na haihitaji hata awe mwizi. Desemba 2016 Netgear R7000 na ndugu zake zilionekana kuwa na tundu ambalo kubonyeza kiungo tu kulitosha: kivinjari kilichomo ndani ya nyumba ndicho kilichobeba amri mpaka kwenye ruta. CERT/CC ya Marekani, kituo cha kutoa tahadhari za usalama wa mtandao, ilishauri watu waache kuzitumia mpaka zizibwe.

Mwisho, jipime. Rudisha intaneti, soma anwani ya WAN (ile ya upande wa intaneti) kwenye ruta, zima Wi-Fi ya simu, tumia bando la simu kuifungua anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukitokea, hujazima kitu fulani. Kama anwani inaanzia 100.64 mpaka 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa mbali hawezi kukugongea moja kwa moja, ila wa ndani bado anaweza.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kwenye ukurasa wa uchunguzi jaza:

127.0.0.1; echo habari

Neno habari likijitokeza peke yake kwenye majibu, ruta yako inapenyezeka. Likikataliwa usishangilie mapema, pengine kilichokataa ni kivinjari chako tu, ruta yenyewe haijaulizwa. Fanya hivi kwa ruta yako pekee. Kwa ya jirani au ya ofisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakungoja.

Shangazi tulimnunulia mpya, yenye sasisho la mwaka huu. Bando sasa linafika siku zake. Ruta ya zamani alitaka kumpa binamu yangu anayeanza chuo Morogoro, "si bado inawaka?" Nimemwomba asimpe. Iko juu ya kabati la vyombo, na waya wake wa umeme ninao mimi.