Nodi ya Bitcoin nyumbani wakati porti 8333 haifunguki

Jirani yangu alishafungua porti 8333 kwenye ruta, na bado hakuna nodi (kompyuta inayoendesha programu ya Bitcoin) hata moja iliyoingia kwake. Bitcoin Core, programu yenyewe ya nodi, inakagua bloku (mafungu ya miamala) bila tatizo hata hivyo, maana yenyewe hutoka nje kutafuta wenzake. Kinachokwama ni wengine kukufikia.

1. Soma mkataba wa intaneti. Vifurushi vingine vya nyumbani vinakataza seva, vingine hupunguza kasi ukivuka kiwango.

2. SSD na waya, Wi-Fi sahau. Ukiweka `prune=550` kwenye bitcoin.conf (faili ya mipangilio), bloku za zamani hufutwa, utaokoa diski, si bando: mnyororo mzima wa bloku wa zaidi ya GB 600 utashuka tu.

3. Angalia anwani ya WAN (ile ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: wateja wengi mnatumia anwani moja ya umma, na porti unayofungua haitoki nje ya nyumba. Usibishane na huduma kwa wateja. Anwani ya kudumu huuzwa kwa ada ya mwezi, mimi silipi.

4. Weka Tor, mtandao wa faragha unaokupa anwani ya .onion ambayo wengine wanaifikia bila porti kufunguliwa kwenye ruta. Kwenye Debian ni `apt install tor`, kisha toa alama ya # kwenye `ControlPort 9051` ndani ya torrc (faili ya mipangilio ya Tor) na uiwashe Tor upya. Kwenye bitcoin.conf andika:

```
listen=1
onion=127.0.0.1:9050
```

Wengi huandika `proxy=` badala ya `onion=`. Hapo trafiki yote inapita Tor, upakuaji wa mwanzo unajikokota, na `listen` (kupokea wanaoingia) hujizima yenyewe usipoiandika wazi. `proxy=` ina maana pale tu usipotaka kampuni ya intaneti ione kuwa unaendesha nodi.

Sasa fungua debug.log, kumbukumbu ya Bitcoin Core. Ukikuta "Authentication cookie /run/tor/control.authcookie could not be opened (check permissions)", tatizo si mtandao. Mtumiaji anayeendesha bitcoind (Bitcoin Core isiyo na dirisha) hayumo kwenye kundi la debian-tor, linaloruhusiwa kusoma faili hiyo:

```
sudo usermod -aG debian-tor bitcoin
```

Weka jina la mtumiaji wako mwishoni, halafu zima bitcoind na uiwashe tena. Kama unaiendesha kwa akaunti yako mwenyewe, toka na uingie upya kwanza, la sivyo kundi jipya halitambuliki. Jirani alikwama hapa jioni nzima, akiilaumu ruta. Ikikubali, log itaonyesha anwani ndefu inayoishia na .onion.

5. `maxuploadtarget=1000` kwenye bitcoin.conf inajaribu kubana upakiaji kwenye MiB 1000 kwa siku.

Hakiki kwa `bitcoin-cli -netinfo`: mstari wa in (walioingia kwako), safu ya onion. Sifuri ya saa za mwanzo isikutishe.